Msitu wa Wazee Watupu

   

Wahariri wa gazeti letu waliniomba niandike juu ya umoja wa wanafunzi wa Kiislamu hapa chuoni. Nimekubali, lakini nitapita njia ya mti. Si mtende wala mzaituni, ambayo mmeshaisikia sana mimbarini. Ni mti ambao haupo kwetu kabisa. Unaota katika milima ya magharibi ya Marekani, na huko wanauita aspeni. Nilipokuwa nikisoma shahada ya pili ya misitu nilikaa nao majira mawili ya joto. Kazi yangu ilikuwa kubeba kamba ya kupimia, daftari na penseli, na kuhesabu kilichoota chini ya miti. Wakubwa wangu waliangalia juu, wakapima unene wa mashina. Mimi nilipewa kupiga magoti. Kwa hiyo haya nitakayoyasema ni maneno ya mtu aliyeutazama msitu kutoka chini, na huenda aliyetazama juu angewaambia mengine.

Kwanza niwaeleze ulivyo. Shina lake ni jembamba, limenyooka, lina gome jeupe lenye makovu meusi mfano wa macho. Ukilikwaruza gome hilo kwa ukucha utaona ukijani chini yake, kwa sababu Allah amelitia klorofili. Majani yanapopukutika na theluji ikifunika mlima, gome linaendelea kutengeneza chakula kidogo kwa mwanga wa jua. Majani yenyewe ni ya duara, na kikonyo cha kila jani kimebanwa kikawa bapa kama utepe. Upepo mdogo tu, ambao wewe huusikii shavuni, unatosha kulitikisa jani. Ndiyo maana jina lake la kisayansi, Populus tremuloides, limechukuliwa katika kutetemeka. Ukisimama ndani ya msitu huo jioni utadhani mvua nyepesi inakuja kutoka bondeni.

Mwenzangu mmoja Mwislamu kutoka Indonesia alikuwa akisema kwamba ile ni dhikri ya miti. Sikumkatalia, ila sikumfuata. Surat Al-Israi, aya ya 44, inatufundisha kwamba hakuna kitu ambacho hakimtakasi Mola wake, na aya hiyo hiyo inatufundisha kwamba sisi hatufahamu namna vinavyomtakasa. Sauti ya majani naifahamu: ni kikonyo bapa na upepo. Tasbihi ya mti ni jambo jingine, lililo kati yake na Muumba wake, na adabu yetu ni kuliamini bila kulidai.

Sasa njooni kwenye mizizi. Wengi wenu mmekulia penye migomba. Mnajua kwamba mgomba mkubwa ukikatwa, machipukizi yaliyo pembeni yake hukua, na kwamba shamba zima linaweza kuwa limetokana na mche mmoja alioupanda babu. Aspeni nao una tabia hiyo, ila mizizi yake hutambaa kwa upana, karibu na uso wa ardhi, na kutoka kwenye mizizi hiyo huchomoza vichipukizi ambavyo kila kimoja huwa mti kamili. Huzaa mbegu pia, nyepesi kama pamba, lakini katika milima ile mikavu mbegu chache sana hupata mahali pa kushika. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1988 katika hifadhi ya Yellowstone ilionekana miche iliyotoka kwenye mbegu, na wataalamu walishangaa. Kwa kawaida, basi, msitu mzima wa aspeni upande mmoja wa mlima ni kiumbe kimoja chenye mashina mengi.

Mashuhuri kuliko yote ni ule ulio karibu na ziwa Fish Lake, katika jimbo la Utah, kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 2,700. Unaitwa Pando, neno la Kilatini lenye maana ya "naenea". Una hekta zipatazo 43 na mashina yanayokadiriwa kufika 47,000, na uzito wake wote unakisiwa kuwa tani 6,000. Mashina yote hayo yana vinasaba vilevile, yaani ni mti mmoja, tena wa kiume. Juu ya umri wake wanasayansi wana kauli mbalimbali, lakini wanakubaliana kwamba unahesabiwa kwa maelfu ya miaka. Barabara ya gari imepita katikati yake na watu wanapiga picha.

Najua mnachokitarajia. Khatibu yeyote atakayeuona msitu huu kwenye simu yake atakimbilia hapa: mashina elfu arubaini na saba, mzizi mmoja, na hivyo ndivyo Waislamu walivyo. Hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.), ya waumini kuwa kama mwili mmoja, inakaa hapo vizuri mno. Nami nimeshaisikia hotuba hiyo mara mbili. Tatizo lake ni kwamba inaishia mahali ambapo habari ndiyo kwanza inaanza. Pando ni mmoja, wala hakuna aliyeugawa. Pamoja na umoja wake wote, unakufa.

Haufi kwa kuoza mizizi, bali kwa kukosa watoto. Shina moja la aspeni huishi kama binadamu aliyejaaliwa umri mrefu, miaka mia moja hivi na kidogo zaidi. Mashina mengi ya Pando yamefika umri huo. Yanapata magonjwa ya gome, yanaanguka moja baada ya jingine, na katika sehemu kubwa ya msitu hakuna mashina ya kati wala machanga ya kushika nafasi. Ukitazama juu utaona taji la dhahabu wakati wa vuli, na watalii wanalia kwa uzuri. Ukitazama chini utawaona wazee watupu wamesimama.

Hapa ndipo kazi yangu ya magoti iliponifaa. Chini ya aspeni kuna ulimwengu wa pili. Mti huu hauna kivuli kizito. Jua linapita kati ya majani yake yanayocheza na kufika ardhini. Majani yakianguka huoza upesi, yakaacha udongo mweusi wenye rutuba. Kwa sababu hiyo chini yake kumejaa vichaka. Kile nilichokihesabu zaidi ni kichaka kifupi, kinachofika kiunoni, chenye matunda meupe kama shanga za lulu, ambacho wataalamu hukiita Symphoricarpos oreophilus. Kuna waridi wa porini wenye miiba. Kuna kichaka cha matunda ya zambarau, matamu, ambacho dubu hukipenda, na kingine cha matunda makali yanayokaza ulimi. Kati ya vichaka kuna majani na maua ya namna nyingi nisizoweza kuzitaja hapa. Ukivuka hatua chache tu ukaingia chini ya misonobari, kivuli ni kizito, ardhi imefunikwa sindano kavu, na vinavyoota ni vichache. Theluji nayo inajilimbikiza zaidi penye aspeni, kwa kuwa matawi yake matupu hayaizuii juu kama yanavyofanya matawi ya misonobari, na ikiyeyuka huingia ardhini na kushuka mitoni.

Siku ya kwanza mkuu wangu wa kazi aliniambia nihesabu kila shina lililo ndani ya duara nililopimiwa. Nikasogeza vichaka kwa mikono. Ndani ya vichaka, mahali ambapo mpita njia hawezi kuona, ndipo nilipovipata vichipukizi vya aspeni, vingine havifiki urefu wa kiganja. Surat Al-An'am inatufahamisha katika aya ya 59 kwamba haliporomoki jani ila Allah analijua. Nilikuwa nimeihifadhi aya hiyo tangu madrasa ya Buyenzi, lakini nakiri kwamba sikuwahi kuiwaza nikiwa nimeinamia jani lenyewe, nikijaribu kuhesabu na kupoteza hesabu.

Niwapitishe haraka kwa ndege mmoja, kwa sababu nampenda. Ni aina ya kigong'ota mwenye wekundu kisogoni. Hutafuta mti wa aspeni ambao moyo wake umelainishwa na kuvu, akachonga humo tundu la kuwekea mayai. Mwaka unaofuata huchonga jingine, na lile la zamani hukaliwa na mbayuwayu na ndege wengine wadogo ambao hawana mdomo wa kuchonga. Ugonjwa wa mzee mmoja umekuwa nyumba ya wapangaji kadhaa. Twendeni mbele.

Swali ni hili: kwa nini vichipukizi havifiki? Kuna majibu mawili, na naomba tusiyachanganye.

Jibu la kwanza limo katika mti wenyewe. Machipukizi ya juu, yale yaliyo kwenye vilele vya mashina makubwa, hutengeneza homoni iitwayo oksini, inayoteremka hadi mizizini. Ikiwa nyingi, huizuia mizizi isichomoze mashina mapya. Mzizi nao una homoni yake inayosukuma vichipukizi vitoke. Wazee wakiwa wazima, zuio hushinda, na vichipukizi huwa vichache. Moto ukipita ukawaua wazee, zuio hukatika, na mwaka huohuo au unaofuata hutoka vichipukizi makumi ya maelfu kwa hekta moja. Aspeni, ambao gome lake jembamba haliwezi kuhimili moto, huufanya moto uwe mlango wa kuzaa. Vichaka navyo huchipua tena kutoka chini. Misonobari iliyokuwa imeanza kuinyima miti hii jua huteketea, na mlima unaanza upya. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 serikali ya huko ilikuwa ikizima kila moto wa msituni ulipoonekana, kwa nia njema kabisa, na misonobari ikapata nafasi ya kuwafunika aspeni taratibu mahali pengi.

Nasisitiza kwamba zuio hilo si uadui. Ni hao wazee wanaotengeneza chakula kwa majani yao na kukishusha mizizini. Kichipukizi kinachochomoza gizani kinaishi kwa akiba waliyoiweka wao. Msitu wenye vichipukizi makumi ya elfu chini ya wazee wazima ungepoteza akiba hiyo bure. Kwa hiyo yule kijana aliyeniandikia baada ya darasa la mwezi uliopita kwamba jumuiya itapona siku viongozi wote wa mwaka wa nne watakapoondolewa kwa mpigo, namjibu hapa: si hivyo. Mwaka 2002 jimbo la Colorado lilipata ukame mkali pamoja na joto. Tangu mwaka 2004 hivi watu wakaanza kuona aspeni wanakufa upande mzima wa mlima, na kufikia 2008 kiasi cha asilimia 17 ya misitu ya aspeni ya jimbo hilo ilikuwa imeguswa. Mapovu ya hewa yaliingia katika mirija inayopandisha maji, na miti ikakauka imesimama. Wazee waliondoka kwa mpigo, na kwa kanuni ya homoni tungetarajia vichipukizi kwa maelfu. Mahali pengi havikutoka vya kutosha, kwa sababu mizizi nayo ilikuwa imekufa pamoja nao. Kuondoka kwa mzee hakuzai kitu ikiwa chini hakuna akiba.

Jibu la pili ndilo zito zaidi, na ndilo la Pando. Vichipukizi vinatoka. Mimi nilivihesabu mahali pengine, na wengine wamevihesabu hapo. Vinatoka kila mwaka, na kila mwaka vinaliwa. Kuna paa wa huko wenye masikio makubwa kama ya baghala, na mahali pengine kuna elki, ambao ni wakubwa karibu na ng'ombe. Wanakipenda kichipukizi cha aspeni kwa ulaini wake. Kila paa anauma ncha moja, anaendelea na safari yake. Kichipukizi kinajaribu tena kutoka pembeni, kinaumwa tena. Mzizi unatoa akiba yake kila mara na kila mara haulipwi. Kichipukizi kikiwahi kupita kimo cha mita mbili hivi, midomo haikifikii na kimeokoka, ila hakiwahi. Mwaka 2018 watafiti Paul Rogers na Darren McAvoy walichapisha kazi yao juu ya Pando, wakalinganisha picha zilizopigwa kutoka angani katika muda wa miaka 72. Picha ya kwanza ina msitu uliofumana. Ya mwisho ina mapengo.

Mtauliza kwa nini paa wamezidi. Sababu moja ni kwamba wanyama waliokuwa wakiwafukuza walimalizwa na watu. Huko Yellowstone mbwa mwitu walikuwa wamekwisha kuuawa kufikia mwaka 1926, na elki wakawa wanasimama mahali pamoja na kula mpaka washibe. Mbwa mwitu 31 walirudishwa kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996, na katika baadhi ya maeneo vichipukizi vya aspeni vimeanza kuvuka kimo cha hatari, ingawa wataalamu wanabishana ni kwa kiasi gani sifa hiyo ni ya mbwa mwitu peke yao. Mnyama huyu ana bahati mbaya ya kusingiziwa, alianza kusingiziwa na ndugu zake Nabii Yusuf (a.s.), na damu ya kwenye kanzu haikuwa kazi yake. Nasi tunapenda kumtafuta mbwa mwitu wa kumlaumu. Kila mkutano wa jumuiya yetu nasikia kwamba vijana wanaharibiwa na simu, na filamu, na makundi ya mitaani. Abu Dardaa (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alituhimiza tushikamane na jamaa, kwa kuwa mbwa mwitu humla kondoo aliyejitenga na wenzake. Ni kweli, na mbwa mwitu wapo. Lakini kabla ya kumtaja, tuulize kondoo huyo alijitenga kwa nini, na nani alimwona akiondoka.

Mwaka huu nimekaa katika musalla yetu safu ya nyuma, si kwa unyenyekevu bali kwa sababu mguu unanisumbua na nahitaji ukuta. Kutoka nyuma mtu huona mengi. Mwanzo wa mwaka niliona sura mpya nyingi, wengine kutoka Rumonge, wengine kutoka bara, mabegi yao bado mapya. Kufikia Rajab zilikuwa zimebaki chache mno. Hakuna aliyewafukuza, na nikisema hivyo namaanisha: simjui hata mmoja aliyekusudia ubaya. Kijana mmoja alijitolea kuadhini adhuhuri. Akakosea makhraj ya herufi, na kabla hajateremsha mkono sikioni ndugu mmoja alikuwa ameshamsahihisha kwa sauti mbele ya watu. Mwingine aliuliza katika darasa swali ambalo lilionekana la kitoto, watu wakacheka, mwalimu naye akatabasamu. Mwingine alifika mara tatu na mara zote tatu hakuna aliyemuuliza jina. Dada zetu wamekaa nyuma ya pazia mahali ambapo kipaza sauti hakifiki, nao wameliambia hilo kwa muda mrefu kuliko umri wa kamati ya sasa. Na yuko aliyekuwa anakosa nauli ya kuja Ijumaa, tukalijua hilo baada ya yeye kuacha. Kila mmoja wetu ameuma ncha moja na kuendelea na safari yake.

Sasa kamati inamaliza muda wake. Amiri anahitimu, naibu wake anahitimu, mtunza hazina anahitimu, na amirat wa kina dada tayari yuko mazoezini hospitalini. Nimeulizia nani atashika funguo za musalla mwezi wa tisa. Nikatajiwa majina mawili, na mmoja wao aliposikia alishangaa kwamba anajulikana.

Waliofanya kazi Pando walifikia uamuzi wa uzio. Mwaka 2013 sehemu moja ilizungushiwa wavu mrefu, na ndani yake wakajaribu njia mbalimbali: mahali walichoma moto, mahali walifyeka vichaka, mahali walikata baadhi ya wazee, na mahali hawakufanya kitu ila kuzuia midomo. Vichipukizi vikaanza kupanda. Mwaka 2014 wakazungushia sehemu nyingine, kubwa zaidi, lakini humo paa waliendelea kuingia kupitia mahali palipokuwa dhaifu, na tofauti na nje ikawa ndogo. Uzio wenye tundu, kwa kichipukizi, ni sawa na pasipo uzio.

Jambo hili si geni katika dini yetu, na inanisikitisha kwamba wanafunzi wa misitu wa Kiislamu hulisoma kwa wengine. Mtume (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe wala windo lake lisisumbuliwe, na akatenga An-Naqi' kuwa himaa, yaani malisho yaliyohifadhiwa. Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipokuwa khalifa alimweka mlinzi wa himaa aliyeitwa Hunayy, na wasia aliompa umo katika Sahih Bukhari. Alimwamuru awe mpole kwa watu, aogope dua ya aliyedhulumiwa, na amruhusu kuingia yule mwenye ngamia wachache na kondoo wachache. Kisha akamtahadharisha na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan, masahaba wawili watukufu waliobashiriwa Pepo, kwa hoja kwamba mifugo yao ikifa wao wana mitende na mashamba ya kurudia, ilhali mnyonge mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni kwa khalifa. Tazameni alivyouweka ulinzi. Hakuwatuhumu wakubwa wawili kwa ubaya wowote. Alijua tu kwamba himaa isipokuwa na mtu langoni, wenye nguvu huijaza bila kukusudia.

Umar huyohuyo ndiye baba wa Abdullah bin Umar (r.a.), na kuna kisa chao ambacho kila mwaka nakisoma na wanafunzi wapya. Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba wake juu ya mti usiopukutisha majani, unaofanana na Mwislamu. Watu wakaiwaza miti ya jangwani. Ibn Umar, aliyekuwa mdogo wao, ilimjia moyoni kwamba ni mtende, akaona haya kusema, kwa kuwa Abu Bakr na baba yake walikuwa wamenyamaza. Mtume akawajibu kwamba ni mtende. Baadaye kijana alipomweleza baba yake, Umar alimwambia kuwa lau angelisema, lingekuwa jambo linalompendeza zaidi kuliko kupata kitu kadha wa kadha. Hapa yupo mzee ambaye kunyamaza kwake tu kumetosha kumzuia kijana, bila kutaka, kama oksini inavyoteremka. Na alipogundua hakusema kwamba kijana amefanya adabu nzuri, bali alitamani angesema.

Kuna pia Amr bin Salama (r.a.), mtoto wa miaka sita au saba, ambaye watu wa kabila lake walimtanguliza awaswalishe kwa kuwa alikuwa amehifadhi Qur'ani kuliko wao. Nguo yake ilikuwa fupi, akisujudu inapanda. Mwanamke mmoja akalalamika kwamba imamu wao hajasitirika. Hawakumrudisha nyuma. Walinunua kitambaa wakamshonea kanzu, na mwenyewe amesimulia kwamba hakuwahi kufurahia kitu kama alivyoifurahia kanzu ile. Kasoro ilikuwapo, ilionekana, ilisemwa, na ikatibiwa kwa kitambaa.

Basi nimekaa na amiri pamoja na amirat jioni mbili, tukakubaliana mambo yafuatayo, nami nayatoa hapa ili mtushike nayo. Mtu mmoja, kwa zamu, atakaa karibu na mlango wa musalla kila Ijumaa, kazi yake ni kujua majina. Anayesahihisha adhana au kisomo atafanya hivyo faraghani. Kipaza sauti cha pili kitanunuliwa kabla ya Shaaban kumalizika, na kitajaribiwa na dada wenyewe wakiwa upande wao, si na fundi akiwa upande wetu. Fedha za nauli zitatolewa na ndugu waliohitimu walio kazini hapa mjini. Nimeshawaandikia, na baadhi wamejibu. Funguo zitaanza kukaa kwa wanafunzi wa mwaka wa pili tangu sasa, wazee wakiwa bado wapo, ili wakipoteza tuzitafute pamoja.

Na darasa la Alhamisi baada ya magharibi, ambalo nimelisomesha miaka mitatu, mhula ujao litasomeshwa na binti wa mwaka wa kwanza kitivo cha kilimo kwa upande wa dada, na kijana wa mwaka wa kwanza kitivo cha sheria kwa upande wa kaka. Wanaanza na Al-Arbain ya Imam Nawawi, hadithi ya kwanza, ya nia. Mimi nitakuwa safu ya nyuma, penye ukuta wangu, na nimeombwa nisiinue mkono.

Wabillahi tawfiq.